Proksi Ipo, Video Bado Inakwama: Kutafuta Chanzo kwa Kufuata Dalili

Umerudi kutoka harusini na kadi za kamera, umepanga klipu za 4K kwenye taimlaini, umebonyeza spesi. Picha inakwenda kidogo, inaganda, sauti inaendelea peke yake. Bibi harusi anaruka kutoka mlangoni hadi jukwaani bila kutembea. Mwenzako anakwambia, "Tengeneza proksi." Unaiacha kompyuta ifanye kazi usiku kucha, unafungua asubuhi, na bado inakwama. Au haikwami tena, ila sauti na midomo vimeachana. Au yote yamekwenda vizuri hadi mteja anapopokea video yenye ukungu.

Nahariri video za harusi hapa Tanga kwa kompyuta mpakato yenye RAM ya GB 8, na bila proksi kazi hii nisingeiweza. Ndiyo maana inaniuma nikiona mtu ameiacha njia hii kwa sababu ilimkatalia mara moja. Katika matatizo niliyokutana nayo, yangu na ya wenzangu, chanzo huwa ni kimoja kati ya viwili: ama proksi imetakiwa itibu ugonjwa usio wake, ama proksi na faili asilia havifanani pale panapotakiwa vifanane.

Kwenye ndoa, bwana harusi aliyeko Maskati anaweza kumweka wakili aikubali ndoa kwa niaba yake. Wakili huyo hawi mume, lakini lazima amtaje kwa jina yule anayemwakilisha. Proksi ndiyo wakili wa klipu yako. Ni faili dogo linalokaa kwenye taimlaini badala ya faili kubwa wakati unakata na kupanga, na siku ya kutoa kazi ya mwisho programu huliita lile faili kubwa lenyewe. Ukubwa wa picha na kodeki (njia ya kubana na kufungua video) vinaweza kutofautiana. Jina, idadi ya fremu (picha moja moja) kwa sekunde, urefu wa klipu, taimkodi (saa inayohesabu kila fremu) na njia za sauti visitofautiane.

Kwanza jua kinachoelemewa

Kamera nyingi na karibu simu zote hurekodi kwa H.264, kodeki ya mwaka 2003, au kwa H.265 iliyoifuata mwaka 2013. Zote mbili hubana video kwa kutorudia kilichokwisha kuonekana. Fremu moja huhifadhiwa nzima, zinazofuata huhifadhi mabadiliko tu, hadi ifike fremu nzima nyingine, mara nyingi baada ya nusu sekunde au sekunde moja. Kwa anayetazama hilo halina shida, kwani anakwenda mbele tu. Wewe unaruka, unarudi nyuma, unaburuta kichwa cha kuchezea huku na huko. Kila unaporuka, kompyuta inatafuta fremu nzima iliyo karibu, kisha inajenga zinazofuata moja baada ya nyingine mpaka ifike uliposimama. Na kila fremu ya 4K ina nukta 8,294,400. Hivyo usishangae klipu ikicheza vizuri kwenye VLC halafu ikakwama kwenye programu ya kuhariri.

ProRes, ambayo Apple waliitoa mwaka 2007, na DNxHR ya Avid hufanya kinyume: kila fremu inajitegemea. Ukiruka popote, fremu iko tayari kufunguliwa bila kuuliza jirani zake. Gharama yake ni nafasi kwenye diski. Ukipunguza na ukubwa wa picha hadi 1920 kwa 1080, nukta zinabaki robo ya zile za 4K. Ukishuka hadi 1280 kwa 720, zinabaki moja ya tisa. Kazi ya proksi ni hiyo tu: kumpunguzia mzigo yule anayefungua fremu. Hapunguziwi mtu mwingine.

Kwa hiyo kabla ya kutengeneza chochote, fungua Task Manager kama uko kwenye Windows, au Activity Monitor kama uko kwenye Mac, kisha cheza kipande kinachokwama huku ukitazama namba.

Prosesa ikipanda hadi karibu asilimia 100 na diski ikiwa imetulia, ugonjwa ni kodeki, na proksi ndiyo dawa. Diski ikiwa imejaa kazi na prosesa inasubiri, tatizo liko kwenye kusoma: diski ni ya polepole au waya ni mbaya. GPU (kadi ya michoro) ikiwa ndiyo iliyoelemewa, angalia efekti ulizoweka, hasa kupunguza chembechembe, kutuliza mtikisiko na ukungu wa nyuma. Hapo proksi itasaidia kidogo tu. RAM ikiwa imejaa, funga kivinjari chenye vichupo arobaini kabla ya kulaumu kitu kingine.

Kipimo cha pili ni cha sekunde 10. Chukua klipu moja, iweke peke yake kwenye taimlaini mpya bila rangi wala maandishi, uicheze. Ikikwama ikiwa uchi hivyo, ni kodeki au diski. Ikienda vizuri, kinachokwamisha ni vitu ulivyoiwekea juu.

Wengi hukimbilia kushusha ubora wa kuchezea hadi 1/4 kwenye dirisha la programu. Kwa kodeki zinazofungua fremu moja moja hilo husaidia. Kwa H.264 na H.265 nafuu ni ndogo, maana fremu lazima ifunguliwe nzima kwanza ndipo ipunguzwe.

Kuna na jambo la H.265 ya biti 10 yenye rangi za 4:2:2, yaani inayohifadhi rangi nyingi zaidi, ambayo kamera mpya nyingi hurekodi. Kadi za Nvidia zilizotangulia mfululizo wa RTX 50 wa mwaka 2025 haziwezi kuifungua rangi hiyo, hata ziwe za bei gani, na kazi yote huangukia prosesa. Prosesa za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea zenye kadi ya michoro ya ndani huimudu. Nimeona mtu akinunua kadi ya gharama kubwa kwa ajili ya kamera yake mpya, na video ikaendelea kukwama vilevile. Proksi zingemtatulia bila kutoa shilingi.

Proksi zimetengenezwa, bado inakwama

Sababu ya kawaida kuliko zote: hazijawashwa. Programu bado inasoma faili kubwa. Kwenye Premiere Pro, bonyeza alama ya kujumlisha chini ya dirisha la kutazamia, uburute kitufe cha "Toggle Proxies" hadi kwenye safu ya vitufe. Kikiwa cha buluu, unatumia proksi. Kwenye DaVinci Resolve, kuanzia toleo la 18, nenda menyu ya Playback, kisha "Proxy Handling", uchague "Prefer Proxies". Kwenye Final Cut Pro iko kwenye menyu ya View ya dirisha la kutazamia. Mimi hutengeneza proksi zenye alama ya maandishi pembeni, neno moja tu, ili nikitazama nijue mara moja ninachokiona. Premiere ina chaguo la alama hiyo pale unapotengeneza.

Ya pili: umetengeneza proksi za H.264. Ni ndogo kwa nafasi, lakini muundo wake wa fremu zinazotegemeana ni uleule. Kwa kompyuta yenye nguvu kiasi hilo halina neno, kwa sababu picha yenyewe ni ndogo. Kwa kompyuta ya zamani, au ukiwa na kamera nne zinazocheza pamoja, utaona inasita kila unapokata. Ushauri wangu hauna kona: tumia ProRes Proxy, au DNxHR LB kama unatumia Resolve kwenye Windows. H.264 iachie kazi ya kutuma faili kwa intaneti.

Hesabu nafasi kabla. ProRes Proxy ya 1080 kwa fremu 25 kwa sekunde hutumia megabiti 38 kwa sekunde, sawa na GB 17 hivi kwa saa. Ya 720 ni megabiti 16, kama GB 7 kwa saa. Harusi ya saa 6 kwa kamera mbili ni saa 12 za picha: GB 204 kwa 1080, au GB 84 kwa 720. Mimi huchagua 720 kwa harusi na sijawahi kujuta. Uso wa mtu unaonekana, na sehemu ya kukata unaiona. Tamthilia ambayo mhariri anatafuta kama jicho la mwigizaji liko kwenye foka, hapo panda 1080.

Ya tatu ni diski. Faili la 4K la megabiti 100 kwa sekunde linahitaji MB 12.5 kila sekunde. Kamera nne zikicheza kwa pamoja zinataka MB 50. Waya wa USB 2.0 kwa kweli hutoa kama MB 35 hadi 40. Waya tu! Diski yako inaweza kuwa nzuri, tundu likawa la USB 3.0, ila waya uliookota kwenye droo ukawa wa zamani. Na diski ya kuzunguka, hata yenye kasi ya MB 100 kwa sekunde, huchoka ikitakiwa isome sehemu nne tofauti kwa wakati mmoja, maana sindano yake inakimbia huku na huko. Weka proksi kwenye SSD, hata ndogo ya GB 240, na mafaili makubwa yabaki kwenye diski ya kuzunguka.

Mwisho, kompyuta mpakato isiyochomekwa umeme hujipunguzia nguvu yenyewe. Joto nalo hufanya hivyo. Iinue kidogo ili hewa ipite chini yake, usiiweke juu ya godoro.

Utengenezaji unakatika katikati

Ikiwa unakatika kwenye klipu ndefu tu, na fupi zinapita, angalia diski au flashi imepangwa kwa mfumo gani. FAT32 haikubali faili linalozidi GB 4. Kwa megabiti 38 kwa sekunde, GB 4 hujaa karibu na dakika ya 15. Hotuba ya mshenga ikivuka hapo, proksi inakufa na ujumbe wa kosa hausemi kwa nini. Hamisha vitu vyako, ipange upya diski kwa exFAT au NTFS, kisha rudia.

Ikiwa umeme ulikatika, usiamini proksi iliyokuwa ikiandikwa wakati huo. Faili la MOV kwa kawaida huandika fahirisi yake mwishoni. Lisipofika mwisho, linakuwa na uzito kwenye diski lakini halifunguki. Hatari ni kwamba ukianza upya, baadhi ya programu huliona jina lipo na kuliruka, nawe unadhani limekamilika. Panga folda kwa muda wa kuandikwa, futa la mwisho kabisa, ndipo uendelee. Siku umeme ulipokatika saa nane usiku nikiwa na klipu 140 kwenye foleni, hilo lilikuwa faili moja tu. Nilipoteza asubuhi nzima kwa kutolijua.

Kama foleni haisogei kabisa, angalia nafasi iliyobaki kwenye diski ya mfumo. Programu huweka mafaili ya muda huko hata kama proksi zinakwenda kwingine.

Proksi inakataa kuunganishwa

Hapa ndipo wakili anapokataliwa mlangoni. Premiere hutaja sifa isiyolingana, na mara nyingi ni njia za sauti. Kamera imerekodi njia nne za sauti, proksi imetoka na mbili. Au droni haikurekodi sauti kabisa, na proksi imepewa njia tupu. Macho hayaoni tofauti, lakini programu inaiona.

Ukitengeneza proksi nje ya programu, ffmpeg, programu inayoendeshwa kwa amri za maandishi, ni ya bure na hukuacha uamue kila kitu. Amri ninayotumia ni hii:

ffmpeg -i C0001.MP4 -map 0:v:0 -map 0:a? -vf scale=1280:-2 -c:v prores_ks -profile:v 0 -c:a pcm_s16le proksi/C0001.mov

Sehemu ya -map 0:a? inasema: chukua njia zote za sauti jinsi zilivyo, na kama hazipo usigome. Alama hiyo ya kuuliza ndiyo inayookoa klipu za droni. Scale=1280:-2 inaweka upana wa nukta 1280 na kuacha urefu ufuate uwiano wa picha. Profile 0 ni ProRes Proxy. Folda ya proksi iwe imeshatengenezwa, vinginevyo amri itagoma.

Sababu ya pili ni fremu kwa sekunde. Umerekodi maharusi wakicheza taratibu kwa fremu 100, halafu ukatumia mpangilio uliolazimisha 25. Proksi hiyo imetupa fremu tatu katika kila nne. Haiwezi tena kuwakilisha. Tengeneza proksi kwa fremu zilezile za asili, na mwendo wa taratibu uufanye kwenye taimlaini.

Kwa Resolve, taimkodi ina uzito. Programu hulinganisha jina na taimkodi. Ukiwa na proksi iliyoanza 00:00:00:00 wakati faili asilia linaanza 14:22:10:05, haitaungana. Ukitumia kitengeneza proksi chao, Blackmagic Proxy Generator, proksi huwekwa kwenye folda inayoitwa Proxy kandokando ya mafaili asilia, na Resolve huziona yenyewe. Usibadilishe jina la folda hiyo.

Kamera na droni zenyewe pia huja na proksi, na watu wengi huzifuta bila kuzijua. Kwenye kadi ya Sony, klipu ziko M4ROOT/CLIP, na proksi, ukiwa umeiwasha kazi hiyo, ziko M4ROOT/SUB zikiwa na S03 mwishoni mwa jina: C0001.MP4 ina mwenzake C0001S03.MP4. GoPro huandika mafaili ya LRV. Droni za DJI huandika LRF. Haya ya mwisho ni video za kawaida. Badilisha herufi za mwisho ziwe MP4 na zitafunguka. Ni nyepesi na hazikugharimu hata dakika moja ya kusubiri. Ila zimebanwa kwa muundo uleule wa fremu zinazotegemeana, kwa hiyo kwa kompyuta dhaifu sana bado natengeneza zangu.

Unafungua faili kubwa, unaona picha nyingine

Hili ndilo tatizo ninaloliogopa kuliko yote, kwa sababu halitoi ujumbe wa kosa.

Nilihariri harusi iliyopigwa kwa kamera mbili za aina moja. Kadi zote zilikuwa zimefutwa asubuhi ile, kwa hiyo zote zilianza kuhesabu C0001. Nilikata kazi yote kwa faili ndogo, kisha nikaiambia programu iunganishe upya na mafaili makubwa kwa kufuata majina. Ikatii. Pale bwana harusi anapomvisha mke wake pete, yakaja masufuria ya pilau: kamera ya pili, C0031, mtu wangu alikuwa jikoni nyuma ya ukumbi. Kukata kulikuwa sahihi hadi fremu ya mwisho, ila picha ilikuwa ya jikoni. Klipu zaidi ya sitini zilikuwa zimebadilishana, na nilizirudisha moja moja kwa macho.

Tangu hapo, kazi haianzi kabla ya majina kubadilishwa. Nakili kadi, kila kamera kwenye folda yake, kisha ongeza kiambishi: A_C0001, B_C0001, D kwa droni, S kwa simu. Kwa Windows kuna PowerToys yenye chombo cha kubadili majina mengi kwa mara moja. Mac ina kazi hiyo ndani ya Finder. Fanya hivyo kabla ya kutengeneza proksi na kabla ya kuingiza chochote kwenye mradi. Ukichelewa, ukabadilisha majina baadaye, utakuwa umevunja kamba kati ya mradi na mafaili.

Kama maji yameshamwagika, usiunganishe upya mradi mzima kwa mkupuo. Chagua klipu za kamera moja, elekeza kwenye folda ya kamera hiyo, hakikisha, ndipo uende nyingine. Urefu wa klipu ni shahidi mzuri: C0031 mbili ni nadra kulingana kwa fremu.

Sauti inaachana na midomo

Uliza kwanza: klipu imetoka kwenye simu? Simu nyingi hazishiki idadi moja ya fremu. Mwanga ukipungua au simu ikipata moto, fremu zinaongezeka na kupungua zenyewe. Unaporekodi risala ya dakika 10, mwanzo unalingana, na mwisho mdomo umetangulia sauti. Proksi ikitengenezwa kwa fremu zisizobadilika, inapimwa tofauti na faili asilia, na mahali ulipokata kwenye proksi si mahali palepale kwenye faili kubwa.

Proksi haiwezi kulitibu hilo. Badilisha faili asilia kwanza. HandBrake ni ya bure: kwenye sehemu ya video chagua "Constant Framerate" na namba ya mradi wako, weka ubora juu, tengeneza nakala, na nakala hiyo ndiyo iwe faili asilia kuanzia sasa. Kisha itengenezee proksi. Ukijua mapema kwamba kazi itatoka kwenye simu, rekodi kwa programu ya kamera inayokuruhusu kufunga fremu.

Picha imebanwa au imezungukwa na weusi

Video ya wima. Mpangilio wa proksi ulilazimisha 1280 kwa 720, na picha iliyosimama ikalazwa ndani ya fremu iliyolala. Chagua mpangilio unaotumia nusu au robo ya ukubwa wa asili badala ya namba maalumu. Kwa mkono, upana na urefu wa proksi uwe na uwiano uleule wa faili asilia, basi.

Rangi za proksi na za faili kubwa hazilingani

Ukizima na kuwasha proksi na picha nzima ikawa nyeusi zaidi au kupauka, bila rangi kubadilika, ni viwango vya mwanga: upande mmoja umesomwa kuwa kamili na mwingine kuwa vya video. Resolve hukuruhusu kuchagua kwenye sifa za klipu. Jaribu kubadilisha hapo kabla ya kuanza kutengeneza upya.

Shela la bibi harusi likiwaka jeupe bila mikunjo, na klipu ni ya iPhone, jua kwamba kuanzia iPhone 12 ya mwaka 2020 simu hizo hurekodi HDR (video yenye mwanga mpana kuliko wa kawaida) zisipozuiwa. Proksi imefunguliwa kama video ya kawaida. Washa usimamizi wa rangi kwenye mradi, au zima HDR kwenye simu kabla ya shughuli. Mimi huizima, maana wateja wangu hutazama kwenye runinga za kawaida na WhatsApp.

Kwa vyovyote vile, usipake rangi ukiwa kwenye proksi. Proksi imepoteza vivuli vyepesi ambavyo ndivyo unavyovitafuta. Kuondoa chembechembe, kufuata kitu kinachotembea na kutuliza mtikisiko vifanye na faili kubwa vilevile, kwa sababu programu inapima nukta, na nukta za proksi si zilezile. Maliza kukata, zima proksi, ndipo uanze kupaka.

Video ya mwisho imetoka na ukungu

Kwenye Premiere, dirisha la kutoa lina kisanduku cha "Use Proxies"; kiwe wazi bila alama. Resolve ina "Use proxy media" kwenye mipangilio ya juu ya ukurasa wa Deliver. Nacho kiwe wazi. Kdenlive hutumia mafaili asilia isipokuwa umeiambia vingine. Final Cut Pro ndiyo ya kuangalia kwa makini: ikiwa dirisha limeachwa kwenye proksi, hutoa video kwa proksi. Rudisha kwenye "Optimized/Original" kabla ya kutoa.

Sababu nyingine imejificha zaidi: faili asilia halipatikani. Diski kubwa haijachomekwa, programu inaonyesha proksi na wewe huoni tofauti. Kabla ya kutoa, zima proksi na upite kwenye taimlaini nzima kwa haraka. Palipo pekundu au palipoandikwa "Media Offline" ndipo penye pengo.

Na ikiwa uliingiza proksi zenyewe kwenye mradi kana kwamba ndizo mafaili asilia, Premiere ina "Reconnect Full Resolution Media" kwenye menyu ya proksi ya klipu. Itumie hiyo, mradi wako hautahitaji kuanza upya.

Kutuma kazi kwa mtu wa mbali

Ndugu wa bwana harusi yuko Uingereza anataka kuchagua sehemu, au mhariri mwenzako yuko Mombasa. Hapa H.264 ndiyo yenye faida: kwa 720 na megabiti 5 kwa sekunde, saa nzima ni kama GB 2.25, na bando linaweza kuibeba usiku. Faili la 4K la megabiti 100 lingekuwa GB 45. Mtumie proksi pamoja na faili la mradi. Akimaliza akurudishie faili la mradi peke yake, ambalo kwa kawaida ni dogo sana. Majina na mpangilio wa folda ukiwa uleule pande zote mbili, utafungua na kila klipu itajua kwao.

Kazi imekwisha, diski imejaa

Futa proksi. Zinaweza kutengenezwa upya wakati wowote mafaili asilia yakiwepo, hata mteja akirudi baada ya mwaka akitaka dakika mbili za shangazi yake ziongezwe. Kabla ya kufuta, fungua mradi na proksi zikiwa zimezimwa, na uone klipu zote zinasoma faili kubwa. Tazama pia kwamba folda unayoifuta ni ya proksi: folda ya SUB na ya CLIP kwenye kadi ya Sony ziko jirani kabisa, na majina ya ndani yanafanana kwa herufi zote isipokuwa tatu za mwisho.